Mbili kwa Siku

Msusi wa chumba cha pili anasema aliona kwa macho yake mawili, hakuhadithiwa na mtu. Anasema ilikuwa Jumanne, saa sita mchana, ametoka uani kumwaga maji aliyooshea kichwa cha mteja, jicho likapita kwenye dirisha la fundi cherehani. Lilipita lenyewe, maana yeye si mtu wa kuchungulia madirisha ya watu. Ndipo akamwona fundi amesimama mbele ya kile kioo kirefu cha wateja, gauni kalikunjia kifuani, futi ya kupimia kaizungusha tumboni, macho kayafumba, anatabasamu peke yake. Kisha fundi akashika ukingo wa meza, akainamia ndoo. Kisha, na hapa msusi hushusha sauti hata kama mashine ya kukaushia nywele inanguruma, fundi akatoa kipande cha chaki kwenye mfuko wa aproni, akakitia mdomoni, akakitafuna kama peremende.

"Sasa nyie niambieni," husema msusi, chanuo hewani. "Mtu anapima tumbo, anatapika, anakula chaki. Mimi nimezaa watatu. Nahitaji mkalimani?"

Mteja wa kwanza aliambiwa miezi minne. Mteja wa tatu aliambiwa mitano. Jua linazama, mimba ya fundi ilikuwa ya mapacha, na mmoja wao alikuwa wa kiume.

Kila alichokiona msusi kilitokea kweli, isipokuwa hilo tabasamu. Aliyejua kilikuwa ni nini alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya meza ya kukatia, mahali ambapo jicho la dirishani halifiki, anachomoa pini kwenye pindo la sketi ya shule. Huyo ni Uzi.

Uzi si jina la cheti. Alikuja kwa shangazi yake mwaka aliomaliza darasa la saba, mwembamba kiasi kwamba shangazi alimgeuza mlangoni mara mbili akauliza, "Kaka yangu kaniletea mtoto au kaniletea uzi?" Jina likashika. Sasa ni miaka saba. Kushona alijifunza kwa kutazama, kwa sababu shangazi hafundishi. Shangazi anashona tu, na wewe kama una macho utajua. Basi Uzi akawa mtu wa macho. Angeweza kukaa nusu saa anatazama jinsi mkono wa shangazi unavyosukuma bega la koti chini ya sindano, bila kuuliza kitu, na kesho yake akashona bega lile lile.

Macho hayo ndiyo yaliyoona kwamba shangazi pale kiooni hakuwa akitabasamu. Alikuwa ameuma meno, kizunguzungu kimemshika, hicho hicho kilichomwinamisha kwenye ndoo.

Ilikuwa hivi. Kila Jumanne, wateja wakipungua, shangazi alijipima tumbo kama anavyowapima wanawake wanaoleta vitambaa. Hakuandika popote. Alisoma inchi, akafumua mishono ya ubavuni ya magauni yake matatu, akaachia kitambaa kidogo, akashona upya na kupiga pasi. Mwanamke mwingine mwenye tumbo lile angeonekana amevimba. Shangazi alionekana amenenepa kidogo, na amependeza. Kutoka inchi thelathini na sita hadi arobaini na nne, mtaa mzima haukushtuka mpaka siku msusi alipomwaga maji.

Chaki nayo Uzi aliiona mapema. Boksi moja la chaki za kuchorea nguo lilikuwa linamaliza msimu mzima. Siku hizi lilikuwa halimalizi wiki mbili. Mwanzoni aliwashuku panya, akaweka mtego, mtego ukakaa bure. Halafu akaokota kipande chini ya cherehani ya miguu kikiwa na alama za meno, na meno hayakuwa ya panya.

Na jambo la tatu ni magodoro.

Magodoro ni shangazi aliyeyaita hivyo, kwa kujisifu. Zamani alinunua pedi za dukani kama watu wote, zikawa zinavuja na kumwaibisha, akasema mtu aliyezishona hakuwahi kuvaa. Akatengeneza zake. Chini aliweka kitambaa cha mwavuli uliovunjika, kisichopitisha hata tone. Juu yake taulo kuukuu, tabaka nne. Juu ya taulo flaneli laini, mishono ya pembeni imepinduliwa ndani ili isikwaruze, na vishikizo viwili vya kufungia. Likikaa mezani, ungedhani mtu ameshonea mtoto mto. Alikuwa nayo kumi na mawili. Aliyafua mwenyewe, hadi miezi ya karibuni alipoanza kuinuka kwa kushika ukuta, na Uzi akachukua beseni bila kuambiwa.

Beseni la kwanza la maji lilitoka jekundu. La pili, jekundu. La tatu. Uzi alianika kwenye kamba ya ndani, nyuma ya pazia. Siku zikawa saba. Zikawa tisa. Siku moja alisema, "Shangazi, hii si nyingi?" Shangazi, mguu kwenye kikanyagio, akajibu bila kugeuka:

"Nilikwenda kituo cha afya juzi ulipokuwa sokoni. Nimeulizwa, nimejibu, nimeambiwa ni kawaida. Nimepewa vidonge. Leta bobini nyeupe."

Uzi akaleta bobini nyeupe, akaipachika chini ya sindano.

Uvumi wa mapacha ulimfikia mume wa shangazi akiwa bado hajaingia ndani. Ni dereva wa lori, hukaa safarini siku kumi, nyumbani siku nne, na mtaa mzima unamwita Dereva, mkewe pia. Uzi humwita Baba Dereva. Jioni aliyorudi aliingia dukani na vumbi lake, akasimama katikati ya vitambaa, mikono ameiweka nyuma.

"Fundi," akasema, "nimepewa hongera na watu wanne kabla sijazima injini."

Shangazi alicheka. Kicheko kilianza vizuri, kikaishia mahali pabaya, akachukua kipande cha bitana akajifuta macho nacho.

"Si kweli."

"Najua si kweli. Ingekuwa kweli usingeanza kumwambia msusi."

"Sikumwambia msusi kitu!"

"Basi niambie mimi. Ni nini?"

"Tumbo tu."

"Lori langu likitoa moshi mweusi sisemi ni moshi tu. Naegesha, naita fundi."

"Mimi sio lori, Dereva."

"Ungekuwa lori ungenisikiliza." Akavuta kigoda, akakaa karibu na miguu yake, akaishika ile miguu iliyovimba vifundoni kama mtu anayeshika kitu cha kuazima. "Kesho tunakwenda hospitali kubwa. Wote watatu. Uzi, funga mkoba."

"Na sketi za shule?" shangazi akauliza.

"Watoto watavaa suruali."

"Wasichana, Dereva!"

"Watavaa suruali nao. Dunia imebadilika."

Asubuhi shangazi alivaa gauni la bluu, lile alilolifumua Jumanne. Akajipaka rangi mdomoni, na ya kucha akapaka, na mashavuni kidogo. Uzi alimtazama kiooni akaelewa kwamba ile rangi haikuwa ya kujipamba. Chini yake midomo ya shangazi ilikuwa imepauka kama karatasi nyeupe za kuchorea vipimo vya nguo. Na kwa kuwa siku zake zilikuwa bado zinaendelea, siku ya sita sasa, Uzi alitia kwenye mkoba magodoro mawili makavu, juu yake kitambaa, juu ya kitambaa chupa ya maji.

Daktari wa wanawake alikuwa ghorofa ya pili. Shangazi alipumzika kwenye ngazi mara nne, kila mara akijifanya anasoma matangazo ukutani. Dereva alibaki kwenye benchi la nje, maana mlangoni waliambiwa mgonjwa na msindikizaji mmoja, na shangazi akamwelekezea kidole Uzi. "Huyu ashike mkoba," akasema.

"Shikamoo, daktari," Uzi akasema.

"Marahaba. Kaa hapo, mama. Na wewe, binti, kuna kiti."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, viatu vya raba. Alimlaza shangazi, akampaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kile kifaa cha kupigia picha huku anatazama kwenye skrini. Akawageuzia skrini waone. Uzi aliona kivuli cha duara, na kingine, na vingine vidogo vimejibana kama vishikizo kwenye kopo.

"Hakuna mtoto," daktari akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuwaambia wengi.

"Najua hakuna," shangazi akajibu. "Niliyemdanganya hapa ni msusi tu, na wala sikumdanganya."

"Huu ni uvimbe kwenye kizazi. Si mmoja. Huu mkubwa unafikia ngumi mbili za mwanamume. Kwa ninavyouona si saratani, na wanawake wengi mno wanao, wengine hata hawajui. Tunachotaka kujua ni unakusumbua kiasi gani." Akavaa miwani, akachukua kalamu. "Siku zako zinakwenda siku ngapi?"

"Tano. Sita."

"Unabadili pedi ngapi kwa siku?"

"Mbili." Shangazi alijibu kwa kujiamini, karibu kwa majivuno. "Mbili kwa siku, daktari. Haizidi."

"Kizunguzungu?"

"Cha kazi. Mtu akiinamia cherehani mchana kutwa."

Daktari aliandika. Uzi, ambaye kusoma maandishi yaliyogeuzwa alikuwa amejifunza kwa wateja wanaoleta vipimo kwenye vikaratasi, aliisoma kalamu inavyokwenda: *damu kawaida*. "Basi hatuna haraka," daktari akasema. "Uvimbe upo, tutaufuatilia. Wenye kutoka damu nyingi ndio ninaowatanguliza, na wamejaa. Utarudi baada ya miezi minne, tutapiga picha tena na kupima damu, sawa?"

"Sawa kabisa," shangazi akasema, na tayari alikuwa anatafuta viatu.

Kwenye kitoroli kando ya meza palikuwa na pakiti ya pedi za hospitali, imefunguliwa. Uzi alikuwa akiitazama tangu walipoingia, kama anavyotazama kila kitu. Zilikuwa nyembamba. Leso ya mfukoni iliyokunjwa mara mbili ingekuwa nene kuliko zile. Alizitazama, akaitazama kalamu, na ghafla akaona kosa lilipokaa, wazi kama mkono wa shati ulioshonwa nje ndani. Daktari alisikia mbili, akahesabu mbili za kitoroli. Shangazi alisema mbili, akahesabu mbili zake. Hakuna aliyekuwa amesema uongo. Na kule kituo cha afya waliuliza swali hili hili, bila shaka, wakajibiwa hivi hivi.

Miezi minne. Uzi aliyawaza yale mabeseni, akayazidisha.

Alikuwa ameitwa kushika mkoba. Msichana aliyeishia darasa la saba hamsahihishi daktari, na hamsahihishi shangazi yake mbele ya mgeni, tena kwa jambo la namna ile. Akafungua mkoba, akatoa chupa ya maji, akatoa kitambaa, akachukua godoro moja akaliweka mezani juu ya faili.

"Daktari," akasema, "samahani. Mbili zenyewe ni hizi."

"Uzi!" Shangazi alisimama na kiatu kimoja.

Daktari hakucheka. Alilinyanyua, akalipima mkononi, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye mshono. Kisha akaliweka ndani ya sinki la pembeni, akachukua kikombe chake cha chai kilichokuwa kitupu, akakijaza maji bombani na kulimiminia godoro. Maji yakanywewa. Akamimina kikombe cha pili. Yakanywewa. Alipomimina cha tatu ndipo matone mawili matatu yalipochungulia pembeni.

Daktari akafunga bomba, akageuka.

"Mama, hii umenunua wapi?"

"Nimeshona mwenyewe," shangazi akasema, na hata katika hasira ile hakuweza kuificha fahari.

"Umeshona vizuri sana. Umeshona vizuri mpaka umenidanganya na mimi." Akamgeukia Uzi. "Huwa zinajaa?"

"Zinajaa, daktari. Nazifua mimi. Na siku si tano. Ni tisa."

"Nne za mwisho ni za kuchuruzika tu," shangazi akadakia. "Hizo hazihesabiwi."

"Na anakula chaki."

"Uzi, nitakuua nyumbani."

Daktari alikuwa ameshamfikia. Alilivuta chini kope la jicho la shangazi kwa kidole gumba, akalitazama, kisha akachukua pamba yenye spiriti akamfuta midomo. Rangi ikatoka. Alipoona kilichokuwa chini yake alivuta pumzi, akaita muuguzi.

Majibu ya wingi wa damu yalirudi kabla ya nusu saa. Tano. Mwanamke mzima, daktari akaeleza, anatakiwa afike kumi na mbili au karibu yake, na aliyepungukiwa hivi ndiye hutamani chaki na udongo. "Na umepanda ngazi zangu kwa miguu?"

"Nilipumzika mara nne tu," shangazi akasema.

Hakurudi nyumbani siku hiyo. Alipewa kitanda karibu na dirisha, na mfuko wa damu ukaning'inizwa juu yake, na shangazi akageuza uso ukutani. Dereva alisogea, akasemeshwa. Muuguzi alisogea, akasemeshwa. Uzi aliposogea na sega, shangazi alisema na ukuta:

"Miaka saba nakuvisha. Umenivua nguo siku moja."

Uzi alimsuka nywele za upande uliokuwa unafikika, akaacha upande wa ukutani.

Hospitali ikaomba ndugu wa kuchangia damu. Dereva alitoa siku ile ile. Kesho yake asubuhi, nani aliyeingia wodini, pamba imebandikwa kwenye kiwiko, anatembea kama aliyerudi vitani? Msusi.

"Usinitazame hivyo, fundi," akasema, akijitupa kwenye kiti. "Nimekuja kuomba radhi, na kuomba radhi kwa mdomo nimeona hakutoshi. Wamenitoa chupa nzima. Nimewaambia chukueni, maneno yananitoka mdomoni kila siku na bado hayajaisha, sembuse damu."

Shangazi aliutazama mfuko uliokuwa unadondoka juu yake. "Hii ni yako?"

"Wanasema wanaichanganya na za watu. Lakini ukianza kuwachungulia majirani dirishani, ujue ni yangu."

Shangazi alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama sindano haijachomoka. Walicheka wote, na msusi akalia kidogo katikati ya kicheko, akasema yeye pia kuna miezi anapotumia taulo za kuogea, na hajawahi kumwambia mtu. "Ulikuwa na mdomo wa yote," shangazi akamwambia kwa upole, "hilo ukalificha?" Msusi alipoondoka alikuwa amebeba kikaratasi chenye jina la daktari na siku ya kliniki, ameandikiwa na Uzi kwa herufi kubwa.

Mfuko wa tatu ulipoisha, midomo ya shangazi ilianza kurudiwa na rangi yake yenyewe. Mchana huo aligeuka kutoka ukutani.

"Uzi."

"Abee, shangazi."

"Upande huu hujausuka."

Uzi akaleta sega. Alikuwa amefikia nywele za nyuma ya sikio shangazi aliposema, taratibu, "Nilijua anachokisema msusi. Siku ile ile nilijua. Niliuacha uende."

"Kwa nini, shangazi?"

"Wiki nzima watu wamekuwa wananipisha bombani. Mama wa dukani kaniletea kiti. Mimba zangu mbili zilitoka zamani, wewe bado hujui kutembea, na hakuna aliyewahi kuniletea kiti kwa ajili ya hizo. Nikasema acha niibe siku chache. Si mtoto nilikuwa naiba, hapana, najua miaka yangu. Kile kiti tu." Sega likaendelea. "Na zile mbili kwa siku. Sikumdanganya daktari, Uzi. Nilikuwa naamini. Nilikuwa nawaona wanaotumia sita ndio wagonjwa, mimi mzima kwa sababu najua kushona."

"Najua, shangazi."

"Unajua. Wewe unajua kila kitu, ubaya wako ndio huo." Na akaushika mkono wenye sega, akauweka shavuni, akaendelea kuushika hadi chakula cha wagonjwa kilipoletwa.

Walirudi nyumbani na vidonge vya aina mbili, vya kuongeza damu na vya kuizuia isitoke, na tarehe ya upasuaji iliyoandikwa juu ya bahasha. Wiki tatu za kuisubiri tarehe hiyo Dereva hakusafiri. Alifagia duka, akavikunja vitambaa vibaya, akawapima wateja wawili akakosea wote. Chaki zikaanza kukaa boksini. Kabla ya tarehe kufika daktari aliwaita, akawakalisha wote watatu, na safari hii kiti cha ziada kilitafutwa.

"Nitatoa uvimbe, nikiacha kizazi chenyewe," akaeleza. "Hilo ndilo uliloniomba na ndilo nitakalojaribu. Lakini uvimbe huu umekaa vibaya, na unaweza kutoa damu nyingi nikiwa ndani. Ikitoka nikashindwa kuizuia, nitakitoa kizazi ili wewe ubaki. Sitapata nafasi ya kukuamsha nikuulize. Kwa hiyo nakuuliza leo."

Shangazi alikuwa anakunja na kukunjua pindo la mtandio wake.

"Fundi," Dereva akasema, "ukiwa mlimani, na mzigo unataka kulipindua gari, dereva hababaiki. Anashusha mzi..."

"Dereva, nimeshasema mimi sio lori."

"Basi niseme bila lori." Akajaribu, ikachukua muda, maana hakuwa na maneno mengine ya karibu. "Siku nakuja kwenu nilikuja na suruali imechanika. Ukaishona nikiwa nimeivaa. Mimi nilioa huyo. Arudi huyo, mengine sina hesabu nayo."

Daktari alitazama dirishani kwa heshima.

"Ningekuwa na ishirini na mbili ningekataa," shangazi akasema mwishowe. "Nina arobaini na mbili. Sisemi kwamba nitazaa. Ila ningependa niwe nimekiaga mwenyewe, siyo nilale nacho niamke hakipo." Akavuta karatasi, akaisoma yote, mstari kwa mstari, kama anavyosoma maelezo ya mteja mgumu, akatia saini.

Siku yenyewe ilianza na jua. Shangazi alivalishwa gauni la hospitali la kufungwa mgongoni, akalikagua, akasema aliyekata kola hii arudishwe shule. Msusi alikuwa amemsuka jana yake mistari sita, ili kofia ya plastiki ikae. Dereva alimsindikiza hadi kwenye mstari mwekundu sakafuni, akaambiwa mwisho hapo, akambusu kwenye paji la uso mbele za watu wote, jambo ambalo Uzi hakuwahi kuliona, kisha akaenda kusimama mbali akitazama tangazo la unawaji mikono. Mgongo wake ulikuwa unatikisika.

Uzi aliruhusiwa kwenda na kitanda cha magurudumu mpaka milangoni, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameshika kandambili, miwani na pete. Mbele ya milango muuguzi alisimama kusoma jina kwenye utepe uliofungwa mkononi mwa shangazi na kulilinganisha na la kwenye faili.

"Uzi."

"Abee."

"Inama."

Uzi akainama. Shangazi alinukia sabuni ya hospitali, na bila rangi mdomoni alionekana mdogo, kama dada mkubwa tu.

"Nikizinduka, Dereva ataniletea habari za milima na mizigo. Daktari atasema kwa lugha ya kidaktari, na sitaisikia. Nataka uniambie wewe. Kama wameniachia, uniambie. Kama wamekitoa, uniambie vilevile, kwa sauti hiyo hiyo unayoniambia bobini imekwisha. Usinipambie, usilie kwanza. Kabla sijamwona mtu mwingine, uso wa kwanza uwe wako." Vidole vyake vilikuwa vimeshika mkono wa Uzi juu kidogo ya kiwiko, pale pale fundi anapomshika mteja ili atulie apimwe. "Wewe ndiye ninayekuamini kwa hesabu. Utaniambia?"

Mezani kwa daktari kazi ilikuwa rahisi, Uzi aliona sasa. Kule alikuwa na kitu cha kuweka mezani. Alimtazama shangazi usoni, akatafuta sauti ya bobini, na haikuwepo.

"Haya, mama, tunaingia," muuguzi akasema, akaifungua breki ya gurudumu kwa ncha ya kiatu.

Kitanda kikasogea. Mkono wa shangazi ukateleza kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole, ukashika vidole, macho yake yakiwa bado yanasubiri juu ya uso wa Uzi. Milango ikafunguka kwa kusukumwa na upande wa miguuni wa kitanda, ikakipokea, ikajifunga yenyewe. Uzi akabaki nje na kandambili, miwani na pete, ahadi bado hajaitoa.